Umepanga Mpaka Lini?

Kwa miezi kadhaa niliamini kuwa Bi Mkubwa ndiye mwenye nyumba. Hakuna aliyeniambia hivyo, ilionekana tu. Alikaa chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani. Kodi alipokea yeye. Maji yakimwagwa ovyo uani usiku, aliyefoka alikuwa yeye. Wapangaji walimwamkia kabla hata ya kunawa uso, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi niliyetoka Lushoto na begi moja, shikamoo yangu ilisikika mpaka nyumba ya pili.

Ilikuwa Mwananyamala, miaka ya mwanzo ya 2000. Nyumba yenyewe ya Kiswahili, vyumba sita, korido katikati, uani nyuma pamoja na choo na bafu la mabati. Mkabala na chumba changu alikaa fundi cherehani. Pembeni yangu kondakta wa daladala ambaye tulimwona Jumapili tu. Chumba kimoja cha nyuma kilikuwa cha mama muuza chapati na wanawe wawili, kingine cha vijana waliouza mitumba soko la Karume. Kodi ilikuwa Sh 15,000 kwa mwezi, miezi sita inalipwa kwa mpigo, na dalali naye alikuwa ameshakula mwezi wake pembeni. Bi Mkubwa alihesabu noti zangu mara mbili, akaandika jina langu kwenye kaunta buku, akanitajia masharti: pasi marufuku, hita marufuku, redio mwisho saa nne usiku, hela ya LUKU kila Jumamosi. Risiti haikuwepo. Ukiiomba unaonekana mtu wa kesi.

Siku moja akapita chumba kwa chumba, kanga kichwani, anachangisha rambirambi. Nani kafariki? Akajibu kwa unyonge kabisa: mwenye nyumba, mzee wa Tanga. Fundi cherehani alikuwa na uzi mdomoni, akautoa taratibu. Tulitoa kila mtu alichonacho, tukampa pole, akaenda Tanga kuzika. Alipogeuka kona tu tukakusanyika koridoni. Kumbe na yeye kapanga!

Hesabu zake alinieleza mwenyewe baadaye, kwa hiyo sizioni siri tena. Alikuwa amekodi nyumba nzima kwa Sh 50,000 kwa mwezi, analipa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani laki sita mkononi mwa mzee. Sisi wa vyumba vitano tulimletea 75,000 kwa mwezi. Alilala bure na kubaki na 25,000. Kondakta alisema huyu mama anatunyonya. Mimi sikukubaliana naye wakati ule, na hata sasa sikubaliani naye. Choo kikijaa, gari la kunyonya alilipa yeye. Chumba kikikaa wazi miezi miwili, hasara ilikuwa yake. Ile laki sita hakuwa nayo mfukoni, aliipata kwa upatu na kwa kukopa kwa ndugu. Mzee wa Tanga alitaka mwaka mzima kwa mara moja, kutoka kwa mtu mmoja, na hakutaka kusumbuliwa na majina matano. Nani kati yetu angeweza? Bi Mkubwa alichukua mwaka wa mzee akaukata vipande tulivyoweza kuvilipa. Kile cha juu alichokula kilikuwa ujira wa kazi hiyo. Dar es Salaam ina watu wengi wa namna yake, na bila wao vijana wengi wangelala kwenye viti vya shemeji zao.

Kilichotuumiza kilikuwa kitu kingine, nacho kilijitokeza mwaka 2006, warithi walipokwisha kugawana mali.

Walikuja wawili, kaka na dada, wakaitazama nyumba kuanzia kibarazani hadi chooni bila kuingia chumba hata kimoja. Wamepata mnunuzi. Mwaka wa Bi Mkubwa unaisha mwisho wa Juni na hautaongezwa. Basi. Walizungumza na Bi Mkubwa tu. Sisi tulisimama milangoni kama watoto wanaosikiliza wazazi wao wakigombana. Ilikuwa mwishoni mwa Aprili. Mama muuza chapati alikuwa amelipa miezi sita mwezi Machi. Fundi cherehani alikuwa amelipa wiki iliyotangulia, na kwa maneno yake mwenyewe, hela ile ilikuwa bado ina joto. Maana yake Bi Mkubwa alipokea kodi ya mpaka Septemba na Oktoba huku akijua kwamba yeye mwenyewe amepanga mpaka Juni.

Ugomvi wa koridoni sitausahau. Mama muuza chapati alianza kwa upole, “Dada, mimi naomba hela yangu tu nikatafute pengine,” lakini aliyepandisha sauti kwanza alikuwa fundi, mtu ambaye hatukuwahi kumsikia akikemea hata kuku. Bi Mkubwa alijibu mapigo: mimi pia ni mpangaji kama ninyi, mimi pia natolewa, mnadhani nilijua mzee atakufa? Hapo kondakta akamuuliza swali la maana kuliko yote ya siku ile. Hata kama mzee angeishi, miezi minne ya mbele uliiuza ukiwa umeinunua wapi? Hakujibu. Desturi yake kwa miaka yote ilikuwa kuamini kwamba mkataba utaongezwa, maana kila mwaka uliongezwa, na imani hiyo ndiyo aliyokuwa akitukodisha.

Fundi hakuridhika, akawafuata warithi kwao. Alirudi na jibu fupi: sisi hatuwajui, tunamjua mama. Alilichukulia kama dharau. Kumbe ndiyo sheria yenyewe, imesemwa na mtu ambaye pengine hajawahi kuisoma. Mpangaji aliyempangisha mwingine hawezi kumpa haki inayozidi ile aliyonayo yeye. Mkataba wake na mwenye nyumba ukifika mwisho, na wa ndani yake unaanguka. Ulicholipa kinabaki deni kati yako na yeye, wala hakikupi haki ya kuendelea kulala mle.

Mzee mmoja jirani, mstaafu wa bandari, alitushauri twende baraza la nyumba, kama enzi zao. Enzi zao kulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ambayo haikumruhusu mwenye nyumba kupandisha kodi apendavyo wala kumtoa mpangaji bila amri ya chombo chenye mamlaka. Mzee hakuwa na habari kwamba sheria ile ilifutwa mwaka 2005, mwaka mmoja tu kabla ya mkasa wetu. Wapangaji wengi wa mjini hawakuwa na habari. Kilichobaki kilikuwa mkataba wako na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Sheria hii ya pili ina mambo mawili ambayo ningependa kila anayepanga chumba ayajue. Kwanza, upangaji wa muda mfupi, wa mwaka mmoja au chini yake, unaweza kufanywa kwa mdomo na bado ukatambulika. Kwa hiyo yule anayekwambia “huna mkataba, huna haki” anakutisha tu. Mkataba unao, shida ni kuuthibitisha. Pili, mpangaji anayetaka kumpangisha mtu mwingine anapaswa kupata kwanza ridhaa ya mwenye nyumba. Bi Mkubwa hakuwa na ridhaa ya maandishi. Mzee wa Tanga alijua na akanyamaza, lakini kunyamaza kwake kulizikwa naye. Karatasi ya ridhaa isingerefusha muda hata kwa siku moja. Ila ingewalazimu warithi wajue kwamba ndani ya nyumba wanayoiuza kuna watu.

Tulianzia serikali ya mtaa. Mwenyekiti, mtu mpole aliyezoea kesi za vigodoro na mitaro, alimwita Bi Mkubwa aje na kaunta buku. Akaja bila kaunta buku. Mara ya pili akaja nalo, kurasa mbili zimechanwa. Tukapelekwa Baraza la Kata, ambalo chini ya sheria ya mahakama za ardhi ya mwaka 2002 lilikuwa na wajumbe kati ya wanne na wanane, watatu wakiwa wanawake, na uwezo wa kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni tatu. Madai yetu yote tukiyajumlisha yalikuwa mbali na kiwango hicho. (Siku hizi utaratibu umebadilika. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.) Mimi sikudai chochote, kodi yangu ilikuwa inaisha Juni hiyo hiyo. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa mwalimu, na kwenye uswazi mwalimu ndiye wakili wa bure.

Aliyeshinda siku ile alikuwa mama muuza chapati. Wengine tulikuwa na maneno, yeye alikuja na daftari la hesabu la mwanawe wa darasa la nne. Kila alipolipa kodi alimwamuru mtoto aandike ukurasa wa nyuma: tarehe, kiasi, na nani alikuwepo. Pale palikuwa na mwandiko wa mtoto anayejifunza kuunganisha herufi, na mara mbili Bi Mkubwa mwenyewe alikuwa ameweka sahihi kwa kumfurahisha mtoto. Mjumbe mmoja, bibi mwenye miwani iliyofungwa uzi, alilisoma lote taratibu kisha akamgeukia Bi Mkubwa: “Hii sahihi ni yako mwanangu?” Kesi ikaishia pale.

Hela haikuwepo, hilo kila mtu alilijua. Laki sita zilikwisha kwenda Tanga, na kodi zetu zilikwisha kulipa madeni ya upatu. Kukapangwa malipo ya mafungu. Kondakta, aliyekuwa akidai kiasi kidogo, alichukua friji. Fundi alilipwa nusu kisha akasamehe, au alichoka, sijui. Mama muuza chapati alifanya jambo lililotushangaza: Bi Mkubwa alipopata nyumba nyingine Tandale, ya kukodi nzima vilevile, alimfuata, akakaa miezi yake ya deni kule. Nilimuuliza kwa nini anarudi kwa mtu aliyemtia hasara. Akasema huyu namjua ubaya wake, mwingine simjui. Na safari hiyo alidai kuonyeshwa mkataba wa mwenye nyumba kabla ya kuingiza hata sufuria.

Mambo haya hayakuanzia Mwananyamala. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 serikali ikatwaa majengo yenye thamani inayozidi Sh 100,000 ambayo wenyewe hawakuwa wakiyakaa yote, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi ya Msajili ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Shirika hilo lilikuwepo tangu 1962. Nyumba za umma zilikodishwa kwa bei ya chini kuliko ile ya mtaani, na kwa hiyo aliyeshika ufunguo wa Kariakoo au Upanga alikuwa ameshika mali. Akihama alidai kilemba, yaani malipo ya kuuachia ufunguo. Asipohama alipangisha chumba. Mkataba unakataza kupangisha bila idhini, basi mpangaji wa ndani anaingizwa kwenye ukoo.

Rafiki yangu mmoja aliishi hivyo kwenye ghorofa moja ya umma, miaka kadhaa. Maagizo aliyopewa siku ya kuhamia: wakija wakaguzi, wewe ni shemeji yangu. Alikariri jina la dada ambaye hakuwahi kumwona na mwaka wa harusi ambayo haikufanyika. Alilipa kodi yake kila baada ya miezi sita, kamili, kuliko wengi wenye mikataba. Kisha aliyempangisha akagombana naye juu ya bili ya maji na kumpa siku tatu. Angekwenda kulalamika wapi? Mtu aliyezoea kujitambulisha kama shemeji hawezi kuamka asubuhi akadai kuwa ni mpangaji, hasa pale ambapo ushahidi wake wote, kuanzia majirani hadi mlinzi, unasema ni shemeji. Ile ndiyo namna mbaya kuliko zote za kupanga, na naiona mbaya kuliko ya Bi Mkubwa, kwa sababu mpangaji anashirikishwa mwenyewe katika kufuta haki yake.

Watu husema dawa ni kurudisha sheria ya kudhibiti kodi. Sina imani sana. Majirani zetu Kenya wanayo bado, na baraza lake lipo, lakini inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh 2,500 za huko kwa mwezi. Kiwango hicho kimeachwa na wakati, na vyumba vingi vya Nairobi viko nje yake. Tena sheria ya aina hiyo humtazama mwenye nyumba na mpangaji wake wa kwanza. Yule wa korido ya nyuma hubaki gizani.

Miaka ilipita, nikaoa, nikahamia Tabata kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Kodi ya mwaka ilinizidi kimo, ikabidi na mimi niwe Bi Mkubwa. Kabla ya kumwingiza mtu nilimwandikia mwenye nyumba nikaomba idhini ya kupangisha chumba kimoja cha nje chenye mlango wake. Alishangaa, akacheka kwenye simu, akauliza kama nafanya kazi serikalini. Lakini alisaini. Kwa kijana niliyempa chumba, karani wa duka la vipuri, nilimwandalia karatasi moja: jina lake, langu, kiasi, na tarehe ya mwisho wa mkataba wangu mimi. Nilimpa miezi mitano badala ya sita, kwa sababu kwangu ilikuwa imebaki mitano. Hapo nilijiona nimemaliza kila kitu.

Jumamosi moja nikamkuta kijana mwingine kabisa anaosha viatu uani. Akanisalimia vizuri, shikamoo kamili, kisha akaniuliza kwa upendo: “Na wewe mzee umepanga hapa?” Nikamjibu ndiyo, nimepanga. Na wewe? Akasema amekodishwa chumba kile cha nje na jamaa wa vipuri ambaye amehamia kwa mchumba wake Kigamboni. Amemlipa miezi minne. Nikamwuliza jamaa wa vipuri alimwambia chumba ni cha nani. Cha baba yake mdogo, ambaye kumbe ni mimi.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka upesi hivyo. Karatasi yangu ilionyesha kwamba jamaa wa vipuri alikuwa amebakiza miezi miwili. Miezi miwili mingine aliiuza kutoka hewani, kama Bi Mkubwa. Jirani mmoja alinishauri ning'oe mlango, ushauri unaotolewa haraka sana mjini na kufuatwa mara nyingi kuliko inavyosemwa. Wapo walioezuliwa bati wakiwa wamelala. Nilikataa. Kumtoa mtu nje kwa nguvu bila amri ya baraza au mahakama ni kosa hata kama yeye hana haki ya kuwepo, na kijana yule alikuwa ametapeliwa kabla ya kunikosea mimi.

Nilimwita ndani nikamwonyesha karatasi mbili, ya mwenye nyumba na yangu. Aliisoma tarehe, akaisoma tena. Hakuwa amewahi kuona mahali palipoandikwa mwisho wa kitu anacholipia. Tukakubaliana: miezi miwili ya jamaa wa vipuri aimalize bila kunipa hata senti, maana ile ilikuwa imeshalipwa kwangu, na zaidi ya hapo nisingeweza kumwahidi. Hela ya miezi miwili iliyobaki aifuate Kigamboni. Nilimwandikia barua ya kueleza yote aipeleke serikali ya mtaa wa huko. Alirudishiwa sehemu. Jamaa wa vipuri alinipigia simu kulalamika kwamba nimemvunjia heshima kwa mchumba wake.

Kijana alipoondoka kwangu alikuwa mtu mwingine. Wiki chache baadaye alinipigia kutoka Mbagala. Amepata chumba kizuri, mama aliyekodi nyumba anapangisha vyumba, bei nafuu, marumaru mpaka koridoni. Kabla ya kutoa hela alimwuliza kwa adabu, mama, samahani, wewe umepanga hapa mpaka lini? Mama akamwuliza yeye ni nani wa kumhoji, akampa mgongo. Mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni ya dalali akalipa bila kuuliza lolote na kuchukua ufunguo. Nilimwuliza sasa itakuwaje. Akasema amepata kingine mtaa wa pili, hakina marumaru, na kodi imezidi kwa elfu tano.